Namba Tatu za Chiriku

Chiriku alipachikwa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na likizo ile alikuwa na kazi ya kumlea mdogo wake wa miezi mitano, ambaye kwa mashavu yake aliitwa Kibonge. Baba yao alikuwa dereva wa lori, wiki nenda wiki rudi yuko safarini. Mama alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule kwenye kibaraza cha duka, mtaa wa pili. Kila asubuhi Chiriku alifua nepi huku akimsimulia Kibonge umbea wa mtaa mzima, naye Kibonge akicheka kana kwamba ameelewa.

Wiki hiyo Kibonge hakucheka. Alikohoa mpaka akatapika. Muuguzi wa zahanati alimpa dawa, kisha akamfundisha mama kumfunua mtoto kifua, kutazama saa na kuhesabu pumzi zake kwa dakika nzima, mara tatu kwa siku.

"Andika kwenye karatasi hii," alisema. "Zikifika hamsini, usingoje kesho. Mlete saa hiyohiyo."

Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na mama hakuweza kuiacha cherehani. Akamkabidhi Chiriku karatasi na kalamu.

"Wewe ndiye macho yangu, mwanangu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama. Kwani kuhesabu nako ni kazi?"

Siku ya kwanza alihesabu kweli. Siku ya pili, saa tatu asubuhi, binti wa kinyozi alichungulia dirishani.

"Chiriku! Tunaruka kamba, tumepungukiwa na mtu mmoja!"

"Nina mtoto."

"Si amelala? Atakwenda wapi?"

Chiriku alimtazama Kibonge, kisha karatasi. Akaandika namba zote tatu kwa mpigo: arobaini, arobaini na mbili, arobaini. Hata ya saa kumi jioni, saa ambayo ilikuwa bado haijafika! Halafu huyoo, mbio uwanjani. Alikuwa akirudi mara mojamoja kuchungulia. Mchana aliona kifua cha mtoto kikipanda na kushuka upesiupesi, akajiambia ni joto tu.

Jioni mama alirudi hoi. Kibonge alikuwa wa moto, anahema. Mama aliingiwa na wasiwasi, akaichukua karatasi.

"Arobaini," alisoma, akashusha pumzi. "Ahsante, mwanangu. Bila wewe ningefanyaje?"

Hapo ndipo Chiriku angesema. Mdomo ule uliozoea kusema yasiyoulizwa, siku hiyo ulifungwa.

Alfajiri Kibonge alikataa kunyonya. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, na kila alipovuta pumzi mbavu zilibonyea ndani. Walifika hospitali mama akiwa amevaa ndala mbili zisizofanana. Wauguzi walimpachika mtoto mrija mwembamba wa oksijeni puani, na daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya haraka, akaisoma karatasi mara mbili.

"Jana jioni arobaini, leo sabini na mbili? Hii imekuja ghafla mno. Mama, nyumbani kuna kitu kidogo ambacho kingeweza kumpalia? Shanga, punje, kifungo?"

"Kifungo!" Mama alishika kichwa. "Mimi ni fundi, daktari. Vifungo vimejaa nyumba nzima. Ole wangu, nimemuua mwanangu kwa mikono yangu!"

"Mtoto yu hai, mama. Lakini kifungo cha plastiki kinaweza kisionekane kwenye picha ya kifua. Itabidi tumpe dawa ya usingizi, tuingize mrija kooni tukitafute. Kwa jinsi alivyo dhaifu, sikufichi, ni hatari." Akamwagiza muuguzi chumba kitayarishwe.

Chiriku alikuwa amejibanza ukutani, anatamani ardhi ipasuke immeze. Mama alikuwa akijipiga kifuani, akijilaani kwa kosa ambalo si lake. Na Kibonge alikuwa akienda kutafutwa kifungo ambacho hakipo.

"Hakuna kifungo," alisema. "Sikuhesabu. Nilikwenda kuruka kamba. Namba za jana nilizitunga."

"Zote?" daktari aliuliza.

"Zote. Na jana mchana alikuwa anahema. Nilimwona."

"Basi ni nimonia, na imekuwa ikipanda tangu jana. Acheni kutayarisha chumba. Leteni sindano, upesi!"

Mama alimtazama Chiriku, kisha akamgeuzia mgongo. Ilimuuma Chiriku kuliko fimbo.

Kibonge alilazwa siku nane, na mbili za mwanzo hakuna aliyejua kama angevuka. Chiriku alipeleka chai kila asubuhi. Mama aliipokea na kusema "ahsante" kama anayemwambia mpita njia.

Siku ya tano Kibonge alinyonya. Muuguzi wa wodi alimkuta Chiriku analia kwenye benchi la korido.

"Mdogo wako anapona, mbona unalia?"

"Mama haongei na mimi."

Muuguzi aliketi kando yake. "Nikwambie kweli, binti. Ugonjwa hukuuleta wewe, watoto huugua. Lakini ulimnyima siku nzima ya matibabu. Sisi hapa tunatibu kwa kuamini kilichoandikwa. Ukiandika usichokiona, unampofusha kila anayekuamini. Uliposema kweli ulimwepusha na hatari kubwa. Ila ungeisema jioni ile, mtoto asingeteseka hivi. Kazi ukipewa, ifanye. Ikikushinda, sema imekushinda."

Siku ya kuruhusiwa, Chiriku alinyoosha mikono ampokee mtoto. Mama alimfunga Kibonge mgongoni mwake mwenyewe, akampa Chiriku mfuko wa nepi.

"Mama, hujanisamehe?"

"Nilikusamehe palepale ulipofungua mdomo, mwanangu. Ila kukusamehe ni jambo moja, na kukuachia mtoto ni jambo jingine. Hilo la pili utalingoja, na sitalitoa kwa maneno matamu."

"Sawa, Mama," Chiriku alijibu. Akajitwika mfuko, akawafuata nyuma kimya mpaka nyumbani.