Utani Msibani kwa Bwana Sanda

Jeneza lilifunguka lenyewe. Bwana Sanda akaketi humo akinung'unika kwamba sanda waliyomnunulia ni fupi, miguu inapata baridi. Waombolezaji wa tamthilia ya Jumba la Mizuka wakatimua mbio. Nyuma ya kioo, fundi Mwinjuma alicheka mpaka akajishika mbavu, ingawa mitambo ya kulifungua alikuwa ameiwasha yeye mwenyewe.

Mzuka huyo alikuwa Mihayo, mtu mkimya wa Tabora. Kilichombadili ni kivishanafsi, utepe wa chuma laini unaofungwa kichwani ukamvisha mwigizaji tabia ya mtu mwingine, kama anavyovishwa kanzu. Jioni tabia huvuliwa. Lakini baada ya miaka mitatu tabia ya Sanda ilikuwa haivuliki tena yote. Mihayo alikwenda naye nyumbani, akawa anaimba jikoni na kuwatania majirani.

Siku tamthilia ilipokwisha, Mwinjuma alimwita Nyamizi, mke wa Mihayo, akamweleza bila kuzunguka. Leo anaweza kumfuta Sanda. Wakingoja wiki moja zaidi, Mihayo hatapatikana tena.

Nyamizi alikiri kwamba nyumba ilikuwa imechangamka. Ila juzi alipomtaja binti yao waliyemzika, Sanda alitunga mzaha.

"Mihayo hana maneno," alisema. "Lakini siku ile tulilia sote. Nirudishie huyo, kaka."

Sanda alipoambiwa hakubisha. Alijilaza mwenyewe kwenye kitanda cha mitambo.

"Nimekufa mara mia nne," alisema. "Hii ya leo isipite kavu. Wewe Mzaramo si mtani wetu Wanyamwezi? Nitanie basi."

Mtani ndiye mwenye ruhusa ya kumchezea maiti msibani. Mwinjuma akavua kofia, akajifunika shuka gubigubi, akalala chini na kuigiza sauti ya Sanda: wali wenu hauna chumvi, na huyo anayelia kwa kelele nilikuwa simpendi hata nilipokuwa hai. Sanda akaangua kicheko. Mwinjuma, shuka ingali usoni, akanyoosha mkono, akapapasa kitufe cha kumfuta na kukibonyeza.

Kicheko kikakatika.

Mihayo alifumbua macho. Akamwona mkewe ameketi sakafuni, analia, na fundi amejiviringisha shuka.

"Nani amefariki?" aliuliza taratibu.

"Jamaa mmoja," Nyamizi alijibu. "Alikuwa mcheshi."

"Poleni."

Alishuka kitandani, akavua viatu, akaketi chini kando ya mkewe na kumshika mkono, kama watu wanavyokaa matangani.