Mkono Tumboni mwa Saumu

Muuguzi Wangechi alipolibonyeza tumbo la Saumu, chini upande wa kulia, kitu nacho kilimbonyeza kutoka ndani. Akauondoa mkono upesi, akaufuta kwenye aproni, akamtazama Yakubu, mume wa mgonjwa. Alikuwa fundi wa kushona nguo Majengo, mjini Nyeri, na mambo ya hospitali aliwaachia wenyewe.

Daktari Ngatia alisema ni kidole tumbo.

"Kimevimba kidogo tu, hakijapasuka. Na kumpasua naogopa. Alipopewa nusukaputi kwa uzazi wa bintiye Mwanaisha, karibu tumpoteze. Tujaribu sindano na dripu siku tatu. Asile, asinywe. Lakini homa ikipanda sana, itabidi kisu."

Ilikuwa Aprili ya mwaka sitini na nane, mvua haikati, ukungu wa Mlima umeshuka hadi madirishani. Siku ya kwanza Saumu alitulia. Siku ya pili, saa nne asubuhi, homa ilipanda, akajikunja magoti kifuani akilia kama mtoto. Yakubu akamwomba Mungu, akamwomba daktari asubiri kidogo na kisu, akawaomba hata wagonjwa wa vitanda vya jirani wamwombee.

Adhuhuri wodi ikanuka nywele zilizoungua. Papo hapo Saumu akanyamaza, akanyoosha miguu, akatabasamu.

"Maumivu yamekwisha," alisema.

Wangechi alimvuta Yakubu kando, akanong'ona. "Baba Mwanaisha, hii si nzuri. Uchungu ikiisha ghafla hivi, kidole inaweza kuwa imepasuka. Wacha nikimbie niite daktari."

Alipotoka tu akaingia Mwalimu Athman wa msikitini, aliyekuja kumjulia hali mgonjwa. Akainusa ile harufu, akasimama.

"Yakubu," alisema polepole, "huyu hayuko peke yake."

Akaweka kiganja juu ya paji la Saumu, akaanza kusoma. Tumbo likainuka chini ya blanketi, likashuka, likainuka tena, na sauti ikatoka humo, nzito, yenye kuchoka, midomo ya Saumu ikiwa imefumba.

"Mwambie aache. Kimepasuka tangu asubuhi. Nimekibana kwa mkono wangu. Mkinitoa, usaha utamwagika."

"Anadanganya!" Athman alisema, jasho likimtiririka. "Majini hawa ni waongo, Yakubu, niache nimalize!"

Yakubu akamtazama mkewe aliyekuwa akipumua kwa utulivu mara ya kwanza tangu asubuhi, akasikia viatu vya daktari vikija mbio ukumbini, akakiona akilini kisu na ile nusukaputi na sanda, akajiona akirudi Majengo kumwambia Mwanaisha kwamba hana mama, na kabla hajajua anafanya nini alikuwa amemziba Mwalimu mdomo kwa mikono yote miwili.

"Nisamehe, Mwalimu," alilia. "Mwache akae humo."

Athman alijitoa mikononi mwake, akaondoka bila kuaga. Daktari Ngatia alilipapasa tumbo, akalikuta laini. Akapima homa, imeshuka. Sindano ziliendelea, na baada ya juma moja Saumu alirudi nyumbani bila kovu jipya. Daktari alifurahi sana.

Miezi minne ikapita. Saumu alipika, alifua, alicheka na majirani. Ila hakumruhusu mtoto kumlalia mapajani. Siku moja mchana, Saumu akiwa anapepeta mchele uani, Yakubu alipiga magoti mbele yake, akalisemesha tumbo.

"Umetusaidia. Amepona sasa. Ondoka, tafadhali."

Ungo ukasimama. Ile sauti nzito ikajibu bila haraka:

"Mkono huu mmoja umeshazoea humu. Natafuta pa kuuweka mkono wa pili."

Machozi yalimtoka Saumu, na safari hii alisema kwa kinywa chake mwenyewe, kwa sauti yake aliyoijua Yakubu tangu ujana.

"Baba Mwanaisha, mchukue mtoto muende. Usikae karibu nami."

Yakubu akamwita Mwanaisha, akampeleka kwa jirani. Kisha akarudi, akaketi palepale, ubavu wake ukigusa wa mkewe.