Foleni ya Chiriku

Kwanza ilikuwa pumzi tu. Mpokea simu wa kituo cha magari ya wagonjwa, mama mkongwe ambaye wenzake walimwita Mama Sauti, alivua hedifoni na kuiweka mezani polepole.

"Fundi," alisema, "kuna mtu anapumua humu. Hasemi neno. Anapumua kama filimbi."

Fundi, aliyetunza mitambo ya kituo, alisema ni waya mbovu, akaubadilisha. Alasiri ileile mtambo mkuu ulikwama. Skrini ziliganda, simu za wagonjwa zikawa haziingii, na mtambo ukatoa onyo kwamba nafasi ya bafa imekwisha. Bafa ni kama ndoo: kila ujumbe unaoingia kutoka nje hukaa humo kwanza, hadi programu yake ije kuuchota. Programu isipokuja, ndoo hujaa. Zikijaa zote, hakuna kingine kinachoingia, hata aliye nje awe anakata roho.

Fundi aliongeza idadi ya bafa, mambo yakatengemaa. Kesho yake, wakati watoto wanatoka shule, zilijaa tena.

"Si uuzime na kuuwasha upya?" aliuliza mkuu wa kituo.

"Ni hatari," Fundi alijibu. Hakusema hatari kwa nani.

Maana alijua kilichokuwa kinaendelea kukaa mle ndani. Alikuwa na binti mmoja, Chiriku, aliyeitwa hivyo kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Alimtengenezea, ndani ya mtambo huohuo wa kituo, kiprogramu cha kuongea naye kutoka nyumbani, na kila akitoka shule mtoto alimwandikia: paka kala nini, mwalimu kakosea nini. Chiriku alikuwa na pumu. Alasiri moja aliandika kwamba kifua kinabana. Baba yake alikuwa ameinamia waya, akausoma ujumbe maji yakiwa yameshamwagika. Baada ya mazishi alikisimamisha kile kiprogramu. Kukisoma hakuweza, kukifunga hakuweza. Alikiacha kimesimama hivyo, mlango wazi na mwenye nyumba hayupo.

Wiki hiyo mwanamume mmoja alimleta mkewe kituoni kwa mkokoteni, baada ya kupiga simu hadi kidole kikamuuma. Mama alipona. Mtoto aliyekuwa tumboni hakupona.

Ndipo Fundi akaingia chumba cha mitambo, akafunga mlango. Chumba kile hakikuwa na harufu yoyote siku zote, ila ubaridi. Lakini sasa kilinuka dawa ya kuchua kifua, ile aliyokuwa akimpaka Chiriku. Akaita orodha ya foleni ya ujumbe, akaona kwamba ndoo zote zimejazwa na mtumaji mmoja, na mtumaji huyo ni kompyuta ya nyumbani kwake, ile aliyoichomoa kwa mikono yake mwenyewe na kuifunika shuka na kuifungia stoo, na alipokuwa bado anajiambia kwamba haiwezekani, nyuma ya mngurumo wa feni akaisikia ile filimbi, inapanda, inashuka, inapanda, karibu kabisa na shingo yake.

Alimpigia dada yake. Dada mtu alikuwa mganga, mwanamke wa maneno machache. Alifika kabla chai ya Mama Sauti haijapoa.

"Hili limevutwa na msiba wako, mdogo wangu," alinong'ona akinusa hewa. "Na umeliachia mlango. Funga."

"Na kama ni mwanangu?"

"Muulize mnalolijua wawili tu."

Fundi alikiamsha kile kiprogramu. Maneno yakamiminika, skrini nzima, yaleyale: Baba umefika wapi. Baba umefika wapi. Baba kifua. Baba umefika wapi. Akauliza kwa jina la utani walilolitunga wao wawili: Bwana Kibiriti ni nani?

Jibu lilikuja papo hapo. *Jirani. Mwembamba, kichwa kikubwa. Mbona unauliza unayoyajua?*

Fundi alicheka, na kicheko kikamgeukia kilio kabla hakijatoka. "Ni yeye, dada. Ndivyo anavyojibu."

Dada yake alikuwa analia pia, lakini alimshika bega. "Lililokaa kifuani mwa mtoto linajua yote aliyoyajua mtoto."

"Sasa nitajuaje?"

"Hutajua."

Mlango ulifunguka kidogo. Mama Sauti alisimama pale, hakuingia. "Fundi, baba yangu, simu hazipiti tena. Taa zote zimewaka. Watu wanatuita."

Skrini iliandika: *Baba umefika?*

Dada yake alianza kunuiza maneno ya kufukuza, kwa sauti ya chini, na filimbi ikaanza kupanda, ikawa nyembamba, ikawa haraka, kama ilivyokuwa asubuhi zile mbaya Fundi alipombeba Chiriku mgongoni na kumwambia avute pumzi, avute tena, mama, vuta. Na vidole vya Fundi vikaandika, *Nimefika, mama. Lala sasa*, kisha, bila kungoja jibu, maana kama angelisoma asingeweza kukifunga, akakiua kile kiprogramu.

Ndoo zikamwagika zote kwa pamoja. Chumba kilibaki na ubaridi wake. Ng'ambo ya ukuta walimsikia Mama Sauti: "Nakusikia, baba. Mzee ameanguka bafuni? Usimnyanyue. Gari linakuja."

Dada yake alimfuta uso kwa upande wa kanga yake, akampeleka nyumbani.

Tangu hapo mtambo haujakwama. Wagonjwa wanapiga, magari yanatoka. Fundi huingia kazini kabla ya wote, hukaa kitini, huita orodha ya ujumbe unaotoka kompyuta ya nyumbani kwake, na kila siku orodha huja tupu. Dada yake amemwonya kwamba kulitamani ni sawa na kuliita. Anajua. Ila kati ya kubonyeza na jibu kutokea kuna kitambo kidogo, na katika kitambo hicho, kila siku, huomba isiwe tupu.