Chumba cha Chini cha Mama Chona

Kila Jumapili baada ya misa, Elodia alimwambia mumewe maneno yaleyale.

"Fermín, tupitie kule kwenye nyumba mpya. Dakika tano tu."

Dakika tano, wapi! Fermín alizima gari, akasinzia, akaamka, na mkewe bado yumo ndani.

Kampuni moja ilikuwa inajenga mtaa mzima pembezoni mwa mji wa San Antonio. Nyumba moja ilikuwa ya mfano, ya kuonyesha wateja. Wengine wakiingia walitazama jiko. Elodia alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha kulala cha chini, kisichohitaji ngazi. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akafumba macho, akamwona mama yake amelala pale.

Mama yake aliitwa Mama Chona. Aliishi mji wa mbali, Laredo, na mtoto wake wa kiume. Magoti yalikuwa yamemwishia. Elodia na Fermín walipanga ghorofa ya tatu, jengo halina lifti, na bibi hakuweza tena kupanda ngazi. Miaka mitatu sasa mama na binti hawajalala chini ya paa moja. Kwenye simu mama aliuliza, "Umekula, mwanangu?" Elodia alijibu amekula, kisha akakata simu na kulia. Mtu mzima, mwenye mume na mtoto, alimlilia mama kama mtoto aliyepelekwa shule ya bweni.

Pale kwenye nyumba za kampuni alikuwapo muuzaji, msichana mcheshi aitwaye Shelby. Elodia alimpenda. Kila Jumapili alimpelekea chochote, leo mkate mtamu, kesho maharage. Krismasi ilipokaribia alimpelekea tamale za moto, vitafunio vya unga wa mahindi na nyama, bado zimefungwa kwenye maganda ya mahindi. Na pamoja na chakula alimpa habari zake zote: magoti ya mama, mkataba wa nyumba ya kupanga unaoisha Januari, na kwamba nyumba nyingine hajatazama wala hataki kutazama. Jamani, Elodia!

Jumapili hiyo Shelby alimpeleka kwenye nyumba iliyokwisha kamilika. Chumba cha chini kilikuwapo. Lakini bafu lake lilikuwa na beseni refu la kuogea, lenye ukingo wa juu.

"Mama hawezi kuvuka ukingo huu," alisema Elodia.

"Tunaweza kubadilisha, ila utalipia," alisema Shelby. "Bei ni hiyohiyo, kampuni haipunguzi. Na kuna familia nyingine inaitaka. Tusaini leo?"

Elodia aliona haya kubisha. Atabishanaje na mtu aliyekula tamale zake? Alisema angerudi Jumamosi kusaini.

Jioni hiyo alishuka kwa jirani yake Zoraida. Zoraida alikuwa mama wa ubatizo wa binti yake, kwa hiyo waliitana komadre. Zamani aliuza nyumba mpya kwa miaka mingi, kwenye kampuni nyingine. Alimsikiliza Elodia mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Komadre, huyo Shelby analipwa na nani?"

"Na kampuni."

"Basi ni msichana mzuri, lakini ni wa kampuni. Umempa tamale na siri juu! Mimi jirani yako sijaonja hata moja."

"Zako hizi hapa."

"Haya, lete. Nikufundishe huku nakula." Zoraida alifungua ganda. "Kampuni haipendi kushusha bei. Ikikushushia wewe, mteja wa kesho naye atadai. Lakini ina vitu vingine vya kutoa. Inaweza kukulipia gharama za kukamilisha mauziano, yaani ada za benki na za hati. Inaweza kukutengenezea bafu. Omba hivyo."

"Wataniona sina adabu."

"Kuomba si kukosa adabu. Hakumuumizi mtu. Nyumba iliyokwisha jengwa ikikaa tupu, inakula fedha zao. Na mwaka ndio huo unaisha, wanataka kuiuza. Unadhani mwenye haraka ni wewe peke yako? Kwanza nendeni benki nyingine, si ile ya kampuni tu, mkaulize riba ya mkopo. Halafu mtazame nyumba za kampuni nyingine. Mkirudi mtakuwa na la kusema. Na chochote watakachokubali, kiandikwe kwenye mkataba kabla hujasaini. Ya mdomoni hayakusaidii kitu."

"Haya."

"Halafu tafuta mkaguzi wako mwenyewe, aipitie kabla hujachukua funguo."

"Nyumba mpya ikaguliwe ya nini?"

"Kwani mpya haivuji? Nao mafundi hukimbizwa, komadre. Na la mwisho, uwe tayari kuondoka."

"Niondoke niende wapi? Sitaki nyumba mimi. Namtaka mama yangu. Nimemkumbuka, komadre, nimemkumbuka mpaka nachoka."

Zoraida aliweka tamale chini, akamshika mkono. "Najua. Ndiyo maana nataka umpatie bafu ambalo hataanguka."

Wiki hiyo Elodia na Fermín walikwenda benki nyingine, wakapewa riba nafuu kidogo. Walitazama pia nyumba za kampuni nyingine. Hazikumvutia Elodia, lakini alijilazimisha kuuliza maswali.

Jumamosi alikwenda kwa Shelby, kwenye nyumba ya mfano, mikono mitupu.

"Nyumba tunaitaka," alisema. "Tutalipa bei yenu. Lakini kampuni ilipe gharama za kukamilisha mauziano. Na iondoe beseni, iweke mahali pa kuogea pa sakafuni pasipo na ukingo, bila kututoza. Mkopo tutachukua pale penye riba nafuu."

"Ofisi haitakubali," alisema Shelby.

"Waulize. Sisi tunangoja simu yako."

Alisimama. Mlango wa chumba cha chini ulikuwa wazi, akapita bila kutazama. Ndani ya gari machozi yalimtoka.

"Nimempoteza Mama, Fermín. Kwa ubishi wangu."

"Hujampoteza," alisema Fermín, ingawa naye hakuwa na uhakika.

Siku ya kwanza simu haikulia. Ya pili haikulia. Elodia aliunguza wali mara mbili. Siku ya tatu Shelby alipiga. Ofisi imekubali bafu na gharama. Elodia alitaka kupiga kelele, lakini alisema kwa upole, "Ahsante, binti yangu. Yaandikeni kwenye mkataba, tuje tusaini."

Bafu lilipowekwa, mkaguzi wao alifungua maji na kuyaacha yatiririke. Maji hayakwenda kwenye tundu la kuyatoa. Yalirudi mlangoni, yakatuama pale pale ambapo bibi angekanyaga. Kampuni iliirudia sakafu, mkaguzi akajaribu tena, ndipo Fermín akapokea funguo.

Mwisho wa Januari Mama Chona alifika na mfuko mmoja.

"Nimekuja wiki moja tu," alisema. "Nisije nikawachosha."

Jioni aliingia kuoga peke yake. Elodia alisimama nje ya mlango.

"Uko hapo unanichunga?" aliita mama.

"Hapana, Mama."

"Basi nenda kapike!"

Elodia hakwenda. Mama alitoka amejifunga taulo, uso unang'aa, akatembea taratibu mpaka chumbani.

"Kabati hili la nani?"

"Lako, Mama."

Mama Chona alilitazama kabati, akamtazama binti yake. Kisha alifungua mfuko, akaanza kutoa nguo, moja baada ya nyingine, akizipanga. Alipofika chini kabisa aliukung'uta mfuko, akamkabidhi Elodia.

"Mpe Fermín akauweke mbali," alisema. "Mimi siuhitaji tena."