Ziwa la Pili

Kila siku akitoka shule, Chiriku alipitia kwanza kwenye karakana ya baba yake, hata kabla ya kuvua sare. Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mabati kando ya barabara inayoteremka ziwani, na ndani yake mtu alitembea ubavuubavu. Fremu zilining'inia juu, magurudumu yaliegemea kuta, na sakafuni kulikuwa na karai la maji la kutafutia pancha. Kazi ya Chiriku ilikuwa kuzamisha tyubu ndani ya karai na kuangalia mapovu yanatokea wapi. Aliifanya huku akisema. Alisema habari za mwalimu, za mbwa aliyemwona njiani, za ndoto aliyoota juzi, mpaka baba yake amwombe ayapumzishe masikio ya watu. Jina lake halisi lilibaki kwenye daftari la shule. Mtaani wote walimwita Chiriku.

Mtu mmoja tu hakuchoshwa na maneno hayo, naye alikuwa shangazi yake, dada mkubwa wa baba. Kwa miaka mingi Shangazi aliuza mikate kwa baiskeli katika vijiji vya ziwani na vya milimani, kikapu kikiwa kimefungwa nyuma. Kisha macho yake yakaanza kuugua. Nuru ilipungua kidogo kidogo, na mwishowe ikazimika kabisa. Tangu hapo alijifungia chumbani na redio yake. Hakulalamika wala hakulia. Alikaa tu, na kule kukaa ndiko kulikomuumiza fundi, ndugu yake, zaidi.

Fundi akachukua fremu mbili kuukuu, akazikata na kuziunganisha, akapata baiskeli moja ndefu ya watu wawili. Pedali za mbele na za nyuma zilifungwa kwa mnyororo, hivi kwamba mmoja akikanyaga, miguu ya mwenzake nayo huzunguka, atake asitake. Wa mbele anashika usukani na breki. Wa nyuma anakanyaga na kuamini. Majirani walipoiona mara ya kwanza walicheka wakashika mbavu, wakauliza kama ni baiskeli au ni ngazi. Chiriku alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu na miguu mirefu kuliko umri wake, akapewa kiti cha mbele.

Sasa mdomo wake ukapata kazi ya maana. Wa nyuma haoni, kwa hiyo wa mbele lazima aseme kila kitu. "Kona kulia, Shangazi. Shimo dogo. Tunapanda, kaza. Acha kukanyaga, tunashuka." Jioni baada ya jioni walizunguka ziwa, na Shangazi akaanza tena kucheka kile kicheko chake cha zamani, ambacho watu walikuwa wamekisahau. Redio ikakaa kimya. Fundi aliwatazama wakiondoka, akajifanya anafuta jasho kwa kitambaa cha grisi, na uso wake ukazidi kuchafuka.

Nchi ile ilikuwa ya milima na maziwa, na njia za baiskeli zilikuwa nyingi. Aliyezitunza ni mzee mwembamba mwenye kofia pana, ambaye hakuna aliyemwona bila tone la rangi kwenye nguo, basi wakamwita Bwana Rangi. Yeye alipaka mawe ya njiani ili kila mtu ajue uwezo wake unamfikisha wapi. Mawe ya kijani yalizunguka ziwa, njia tambarare ya kila mtu, hata aliyejifunza kuendesha jana. Ya njano yalipanda mlimani, kwa wenye pumzi. Mekundu yalikuwa ya wale wasiosikia la mtu.

Shangazi alitamani njia ya njano. Kule juu kabisa, milima miwili inapoachana, kuna mahali ambapo zamani alikuwa akishusha kikapu na kupumzika. Mtu akisimama hapo analiona ziwa la pili, lililoko ng'ambo. Alisema hakutaka mengi, alitaka tu kufika pale tena na kupigwa na upepo wake. Chiriku akamwahidi kwamba atamfikisha. Fundi alisita. Alimwambia binti yake kwamba akiona jambo lolote la kumtia shaka, ageuze. Chiriku akacheka, akasema yeye si mtoto, na kwamba njia ile ataimaliza huku akipiga mluzi.

Jumapili asubuhi walipanda. Shangazi alikuwa na miguu ya chuma, na Chiriku alitangaza kila jiwe na kila kona bila kunyamaza. Walifika kwenye bega la mlima, mahali penye uwanja mdogo wa majani. Baada ya uwanja huo njia iliingia kwenye kona nyembamba ya changarawe. Upande mmoja ulikuwa mwamba, na upande wa pili korongo lenye kina cha kutisha. Chiriku alikamata breki zote mbili. 

"Mbona tumesimama?" Shangazi aliuliza.

Angeweza kusema anaogopa. Lakini alikumbuka mluzi aliojisifia mbele ya baba, akaona aibu. Tena upepo ulikuwa unavuma pale pale begani, na uso wa Shangazi ulikuwa umeinuka ukiupokea.

"Tumefika, Shangazi," alisema.

"Tumefika? Upesi hivi?"

"Tuko wawili. Zamani ulikuwa peke yako na mzigo wa mikate."

Shangazi akashuka taratibu, akashika kiti kwa mkono mmoja.  Akauliza kwa sauti ya chini kama ziwa la pili linaonekana. Chiriku akatazama majani na mwamba uliokuwa mbele yake, akasema ndiyo, linaonekana, ni la buluu, na kuna mashua moja nyeupe katikati. Shangazi akamvuta kifuani na kumkumbatia. Alisema tangu macho yazimike hajawahi kuona vizuri kama siku ile. Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze.

Habari ile haikukaa ndani. Shangazi aliisimulia kwa mama wa jirani, kwa muuza maziwa, kwa kila aliyeleta baiskeli karakana, na kila mara mashua nyeupe ilikuwamo. Kila ilipotajwa, Chiriku alijitia kutafuta spana chini ya meza. Alijiambia kwamba amemfurahisha mgonjwa, na kumfurahisha mgonjwa hakuna ubaya.

Katikati ya wiki Bwana Rangi akaingia karakana, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa na habari njema. Shule ya wasioona iliyo ng'ambo ya ziwa ilikuwa imepata baiskeli za viti viwili, na Jumamosi wanafunzi wangekuja na wenzao wa kuwaongoza. Walitaka kupanda njia ya njano. Yeye hakuwa na uhakika kama inawafaa, na kwa kuwa hakukuwa na baiskeli nyingine ya namna ile iliyowahi kufika kule, amekuja kuwauliza wenyewe.

Shangazi akanyoosha mgongo kama shahidi mahakamani. Akamweleza kwamba wamepanda mpaka juu bila tatizo, na kwamba kama yeye ameweza, vijana watapita wakiimba. Bwana Rangi akafurahi. Akasema ataichora alama ya baiskeli ya viti viwili kwenye mawe yote ya njano, mpaka kileleni. Kisha akamgeukia Chiriku, akamuuliza ile kona ya changarawe waliipitaje.

Chiriku alikuwa ameshika tyubu ndani ya karai la maji. Akatikisa kichwa kuonyesha kwamba waliipita vizuri. Alijidanganya kwamba kutikisa kichwa si kusema, na kwamba Shangazi, asiyeona kichwa kikitikisika, hajaambiwa uongo mwingine. Lakini mapovu yalikuwa yakitoka wazi kabisa kwenye tyubu, na yeye hakuyaona.

Kuanzia hapo maneno yakamkauka. Alikula shingo upande. Darasani alitazama dirishani, na kila alipofumba macho aliwaona watoto wa rika lake kwenye viti vya nyuma, wakicheka, wakiingia kwenye ile kona bila kujua. Waliokuwa viti vya mbele wangeona korongo wakiwa wamechelewa. Wale wa nyuma wasingeliona kamwe.

Siku ya Ijumaa mchana alimkuta Shangazi jikoni akikanda unga wa mikate ya kuwapokelea wageni. Mikono yake ilikuwa nyeupe mpaka kwenye viwiko. Alimsikia Chiriku akisimama mlangoni, akamwambia aingie, kisha akauliza ni nani aliyemwibia mtoto wake ulimi, maana nyumba imekuwa kimya siku mbili.

Chiriku akajikaza. "Shangazi, hatukufika."

"Hatukufika wapi?"

"Kule juu. Tulisimama begani. Kulikuwa na kona mbaya, nikaogopa. Sikuliona ziwa la pili. Mashua niliitunga."

Mikono ya Shangazi ikatulia ndani ya unga. Chiriku akaanza kulia kimya kimya, kwa sababu aliuona uso wa Shangazi ukirudi kuwa ule wa chumbani, wa enzi za redio. Hilo lilimchoma kuliko fimbo yoyote. Alimwomba amsamehe, akasema alitaka tu afurahi, akasema aliona haya kwa baba.

Shangazi alinawa mikono polepole, akavuta kigoda na kuketi.

"Njoo karibu," alisema. "Nimeumia, na sitakuficha. Ile mashua nilikuwa nalala nayo usiku. Lakini sikia. Nikipanda kile kiti cha nyuma, nakuwekea roho yangu mkononi. Ukiniambia unaogopa, tunashuka, tunatembea, tunarudi nyumbani, haidhuru. Tunakuwa bado wawili. Ukinidanganya, mimi nabaki peke yangu kule nyuma, na wala sijui kama niko peke yangu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Shangazi."

"Na kesho kuna watoto wa watu. Haya, nishike mkono twende kwa Bwana Rangi. Nitakusindikiza, ila kusema utasema mwenyewe."

Kibanda cha Bwana Rangi kilijaa makopo na brashi. Alikuwa anakoroga rangi nyeusi ya kuchorea alama zake. Chiriku alisema yote, hata habari ya kutikisa kichwa, akikwama na kuanza upya. Mzee aliacha kukoroga. Hakufoka. Alifunika kopo, akasema wageni watafika mchana, kwa hiyo asubuhi na mapema watapanda wote watatu, na kwamba yeye pia alipaswa kwenda kuangalia kwa macho yake badala ya kuuliza watu akiwa amekalia ndoo.

Fundi alisikia habari hiyo jioni. Kisha akakagua breki za baiskeli ndefu mara mbili, akamwambia binti yake kwamba angependa zaidi mtoto anayegeuza njiani kuliko anayepiga mluzi.

Asubuhi ilikuwa na baridi. Bwana Rangi alitangulia kwa baiskeli yake, Chiriku na Shangazi wakafuata. Walipofika begani wakashuka. Mzee aliisogelea kona, akagonga ukingo kwa kisigino, na kipande cha njia kikameguka na kuporomoka korongoni. Mvua zilikuwa zimeula ule ukingo kwa chini. Bwana Rangi alivua kofia yake, akabaki ameishika.

Walipita kwa miguu, wakiuegemea mwamba, Chiriku akisukuma baiskeli na Shangazi akiwa ameshika kiti. Chiriku alitaja kila hatua, na sauti yake ilitetemeka bila kujificha. Baada ya kona njia ikapanuka, wakapanda tena, wakakanyaga mpaka pumzi ikawaishia, na hatimaye milima miwili ikaachana. Upepo uliokuja kutoka ng'ambo ulikuwa na nguvu tofauti kabisa na ule wa begani. Shangazi aliutambua mara moja. Akashika kifua.

"Niambie, mwanangu. Linaonekana?"

Chiriku alitazama. Chini yote kulikuwa kumefunikwa. Alitafuta hata doa moja la maji, asilipate.

"Silioni, Shangazi. Kuna ukungu tu, mweupe kila mahali. Naona jiwe la njano, na kofia ya Bwana Rangi. Sioni kitu kingine."

Shangazi akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akampapasa Chiriku usoni, akagundua naye analia.

"Basi leo nimefika," alisema. "Ukungu huu wa kweli naupenda kuliko mashua yako. Sikiliza nikwambie. Siku ile uliogopa, na uoga wako ulikuwa sahihi, ukingo ulikuwa mbovu kweli. Macho yako yalikuonyesha ukweli, wewe ukaufunika kwa sababu ya haya. Mtu akikutegemea, mpe ukweli hata kama ni mdogo, hata kama utakufanya uonekane mnyonge. Ndiyo heshima kubwa utakayompa."

 Bwana Rangi aliteremka hadi begani, akapaka mstari mwekundu mnene juu ya jiwe la njano la mwisho, na ubavuni akachora alama ya baiskeli ya viti viwili ikiwa imegeuka kurudi. Mchana wanafunzi walipanda mpaka pale, wakala mikate kwenye majani huku upepo ukiwapiga, wakarudi salama wakiimba.

Lakini hayo yalikuwa bado. Pale juu, wakati wa kushuka ulipofika, Shangazi aliweka mkono begani mwa mpwa wake, akamuuliza kama anaogopa.

"Kidogo," alisema Chiriku.

"Haya, tutembee mpaka uoga uishe."

Wakashuka kwa miguu, baiskeli katikati yao, Chiriku akitaja kila jiwe.