Mama Hakuumwa Kichwa

Mama alipiga pasi katika duka la dobi. Shuka zilitoka mashineni zikiwa na unyevu. Yeye alizinyoosha, akazikunja, akazipanga. Kazi yake haikuhitaji maneno. Pasi haiulizi kitu.

Familia ilikuwa imehamia mji huo mwaka uliopita, na watu wa hapo walisema lugha nyingine kabisa. Baba alikuwa mwoka mikate. Lugha ya mji aliijua ya tanurini tu: unga, moto, geuza, haraka. Binti yao wa darasa la sita ndiye aliyeishika yote. Aliisema shuleni, aliisema njiani, hata usingizini aliisema. Nyumbani walimwita Kasuku.

Kasuku alikuwa ndiye mdomo wa mama. Dukani, mama akifungua kinywa tu, Kasuku ameshamaliza.

"Anataka sabuni ya kipande," Kasuku alimwambia mwenye duka.

"Nilikuwa nasema mwenyewe," mama alinung'unika.

"Mama, tungekaa hapa mpaka jioni."

Baba alicheka aliposikia. "Mwache mtoto akusaidie," alisema. Wala hakuna aliyeona ubaya.

Kisha mama akaanza kuumwa chini ya kitovu. Damu yake ya mwezi ilikuja bila wakati wake, tena nyingi. Kazini alishikwa na kizunguzungu, akawa anaegemea meza ya pasi mpaka kipite. Alimweleza mumewe.

"Nenda zahanati," baba alisema. "Kasuku atakusindikiza."

Wakaenda. Daktari aliuliza swali, na Kasuku akageuka. "Anauliza unaumwa wapi."

Mama alimtazama mwanawe. Soksi moja ilikuwa imeshuka hadi kwenye kiatu. Angemwambiaje mtoto huyu mambo ya damu, tena ayabebe ampelekee mtu mwingine? 

"Mwambie kichwa kinauma," alisema.

Akapewa dawa ya kichwa. Walirudi tena baadaye, na mama akasema kichwa tena. Safari hiyo daktari alimpima macho. Macho yalikuwa mazima. Maumivu yalibaki palepale chini ya kitovu.

Mama alikuwa akisoma masomo ya jioni ili ajue lugha ya mji. Kitabu chao kilikuwa kimefika somo la uwanja wa ndege. Mwalimu alisoma, na darasa zima likaitikia pamoja: "Mzigo wangu uko wapi? Mzigo wangu uko wapi?" Mama aliitikia na wenzake, huku mawazo yake yakiwa mbali. Akiambiwa aseme peke yake, hakuwa na neno. Jioni moja alibaki nyuma wengine walipoondoka, akakiweka kitabu mezani.

"Nimekuja kukurudishia, mwalimu. Kichwa changu kimeshakuwa kigumu."

Mwalimu naye alihamia mji huo akiwa mtu mzima, na lugha ya mama aliijua vizuri.

"Kaa kwanza, dada," alisema. "Hapa darasani, ulitaka ujifunze kusema nini?"

"Unaniuliza mimi? Mwalimu si wewe?"

"Mwalimu ni mimi, lakini shida zako sizijui."

Mama alisitasita. "Mimi ndege sipandi, mwalimu. Hata huo mzigo wenyewe sina."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Mama naye akacheka. Baada ya hapo ikawa rahisi kumweleza habari ya tumbo, na damu, na dawa za kichwa zilizojaa kabatini, na binti anayemsemea, na mume anayejua lugha ya tanurini tu. Mwalimu alisikiliza bila kumkatiza.

"Wewe unasali?" aliuliza mwishowe.

"Kila siku. Hilo sijaacha."

"Ukisali, nani anakuchagulia la kusema?"

"Hakuna. Namweleza Mungu ya kwangu, kama yalivyo."

"Na ukikosa neno?"

"Nanyamaza kidogo. Mungu hanikatizi."

"Basi lugha nayo hushikwa hivyo," mwalimu alisema. "Anza na yale yaliyo moyoni mwako. Yaseme mwenyewe, hata kwa makosa. Na wanaokupenda wakungoje. Mumeo kwa nini anajua maneno ya tanuri? Anayahitaji, na mkate ukiungua hakuna wa kumsemea. Wewe unasemewa kila kitu. Na mimi nimekosea pia. Nimewafundisha ndege bila kuwauliza mnakwenda wapi."

"Kwa hiyo nianze na tumbo?"

"Anza na tumbo. Ila ugonjwa haungoji masomo, na damu ikitoka hivyo si jambo la kukaa nalo. Keshokutwa tunakwenda zahanati. Nitakaa pembeni yako. Ukitaka nikusemee yote, nitasema. Ukitaka useme wewe, nitanyamaza. Chagua."

Mama alifikiri. "Nitasema mimi. Nikikwama, nitakugusa mkono."

Wakachagua maneno machache: tumbo, damu, si wakati wake, kizunguzungu. Mama aliongeza la kwake: "Sema polepole, tafadhali." Kesho yake aliyasema kwa sauti ya chini huku akipiga pasi. Kila shuka ilipata neno lake.

Jioni alimwita Kasuku. "Mwanangu, umenisaidia sana. Kuanzia leo, nikihitaji msaada nitakutazama. Nisipokutazama, ningoje."

"Hata ukikosea?"

"Hasa nikikosea."

Wakaenda dukani kununua vitunguu. Mama alisema neno, na mwenye duka akainua kiazi. Kasuku alijinyonganyonga kama mtu aliyebanwa na mkojo. Mama hakumtazama. Alitikisa kichwa, akaonyesha kwa kidole. Mwenye duka akataja jina la vitunguu, na mama akalirudia.

"Umekosea, mama," Kasuku alisema njiani.

"Nimekosea, na vitunguu ninavyo."

Siku ya zahanati, mama alisimama mbele ya mlango akasali kimoyomoyo. Akaingia na mwalimu.

"Kichwa tena?" daktari aliuliza. Neno hilo mama alilijua vizuri.

"Hapana. Kichwa kizima," alijibu. Akaweka mkono chini ya kitovu. "Tumbo. Hapa. Damu nyingi. Si wakati wake."

Daktari aliweka kalamu chini. Akauliza maswali mbiombio.

"Sema polepole, tafadhali," mama alisema.

Daktari akapunguza mwendo. Lilipokuja neno gumu, mama alimgusa mwalimu mkono, akaelezwa, akajibu mwenyewe. Sentensi zake zilichechemea, lakini zilifika. Alipimwa damu, kisha tumbo. Kulikuwa na uvimbe mdogo kwenye mji wa mimba, si wa hatari. Damu yake mwilini ilikuwa imepungua. Alipewa dawa ya kuzuia damu isitoke nyingi na vidonge vya kuongeza ile iliyopungua, akaambiwa arudi kuangaliwa. Aliporudi, alikwenda peke yake.

Darasani, mwalimu alifunga somo la ndege, akamuuliza kila mtu anataka kusema nini, na nani. Bibi mmoja alitaka kuzungumza na mke wa mwanawe. Fundi bomba alitaka kubishana na wateja bila kushindwa. Walifanya mazoezi wawili wawili, kila mtu na shida yake. Kelele zikajaa chumbani, na hakuna aliyesinzia tena.

Kizunguzungu kiliisha. Mama aliacha kuegemea meza. Jioni moja Kasuku alimuuliza, "Mama, hivi daktari alisemaje?"

"Alisema nitapona, na naendelea vizuri. Mengine ni yangu na yeye."

Kasuku aliguna. Hakuwa amezoea kuambiwa hivyo.

"Na sasa nimechagua somo jingine," mama aliendelea. "Nataka kuzungumza na mwalimu wako wa shule. Kila tukienda unaniambia anakusifu tu. Nataka nizisikie sifa hizo mwenyewe."

Kasuku alikohoa. "Mama, usijisumbue. Mimi nitakutafsiria."

"Ahsante, mwanangu," mama alisema. "Nikikuhitaji, nitakutazama."