Pembe Mgongoni mwa Chepkosgei

Siku ya kuchuma majani ya chai, Chepkosgei alishindwa kufungua macho. Kichwa kilimgonga upande mmoja. Mwanga wa mlangoni ulimtia kichefuchefu.

"Umeanza tena?" mumewe Kimeli aliuliza. "Kila mara majani ikiwa tayari, kichwa nayo inauma."

Maneno hayo yalimchoma moyo. Tangu aolewe huku kijijini Mogogosiek, kikapu kilikuwa mgongoni mwake. Lini alikwepa kazi?

Kimeli alimpeleka sokoni Siongiroi kwa mtu anayeumika. Huyo alimchanja mgongoni kwa wembe, akabandika pembe za ng'ombe zifyonze damu. Wembe ulikuwa umetoka kwa mgonjwa mwingine. Chepkosgei aliuona, akainamisha mgongo. Kesho yake kichwa kilipoa. Kimeli akazunguka kijiji kizima akiisifu pembe.

Kichwa kikarudi. Wakarudi kwa pembe. Safari hii chale zilitunga usaha, na homa ikampanda Chepkosgei hadi akaweweseka.

Jirani yao Dolphine, mhudumu wa afya ya jamii, alikuja kumwona. Alipoinua blanketi, alishika mdomo, akamgeukia Kimeli.

"Baba Nelvine, huyu ni wa hospitali. Si kesho. Sasa hivi!"

Chepkosgei alilazwa. Nyama iliyooza ilikatwa, akapewa dawa, akapimwa damu. Aliporudi nyumbani, Dolphine aliketi nao.

"Hii kichwa inaitwa kipandauso," alisema. "Ni ugonjwa, si uvivu. Inakuja, inakaa, halafu inaenda yenyewe."

"Lakini pembe ilimsaidia!" Kimeli alisema.

"Kichwa ilikuwa inaenda tu yenyewe. Pembe ikapata sifa ya bure. Na wembe ya mtu mwingine inaweza kukuletea ukimwi ama ugonjwa wa ini."

Kisha akamgeukia Chepkosgei.

"Mama Nelvine, ikianza tu, meza ile dawa daktari alikupatia," Dolphine aliendelea. "Usimeze kila siku, hiyo pia inaleta kichwa. Kunywa maji, usiende shambani na njaa. Lakini kichwa ikikupiga ghafla kuliko siku zote, ama mkono ulegee, ama maneno ikatae kutoka, kimbia hospitali."

Chepkosgei alifuata. Kipandauso hakikuisha, ila sasa kilikuja mara chache, na dawa ilikituliza. Mgongo ndio haukurudia hali yake. Kovu lilikuwa nene, na kikapu kikiligusa tu lilipasuka.

Basi Kimeli alikibeba kikapu mwenyewe. Kwenye kituo cha majani, wanawake walimcheka.

"Leo Mama Nelvine ameumwa na kichwa tena?" mmoja aliuliza.

Chepkosgei alikuwa amesimama nyuma ya mumewe. Alingoja asikie atakavyojibu.

"Kichwa yake iko sawa," Kimeli alisema. "Mgongo wake ndio niliharibu mimi."

Kicheko kilikatika. Hayo ndiyo maneno Chepkosgei aliyokuwa ameyatamani tangu hospitalini. Yalipofika, aliona uchungu uko palepale. Akageuka, akaenda nyumbani peke yake, mikono mitupu.